Uyoga wa Kichuguu cha Mama

Mutu asiniambie habari za wakalimani. Niliolewa na mmoja.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Nchelenge, kando ya ziwa, kabla ya uhuru. Mvua za kwanza zilituletea muzungu mwenye miwani, hawindi, hahubiri. Anatafuta uyoga. Jamani, mwanaume mzima! Kwetu uyoga ni kazi ya wanawake, na kila nyumba ina kichuguu chake, binti anaonyeshwa na mama yake. Ukishachuma unafukia mashina, unarudi kwa njia nyingine, majirani wasikufuate. Kichuguu chetu alikigundua mama, porini huko, mbali na ziwa.

Muzungu alijua Kiingereza, na Kiswahili cha kuombea maji tu. Bwana yangu, mwalimu wa shule, ndiye aliyetufasiria. Tukimpelekea vikapu, muzungu alishika uyoga mmoja mmoja, akasoma jina lake la Kilatini polepole, halafu akaeleza maana. Ule wa manjano, Cantharellus: kikombe kidogo. Ule unaotoa maji meupe ukiukata, Lactarius: wenye maziwa. Wa kichuguuni, Termitomyces: uyoga wa mchwa. Mengine, alisema, yalikuwa maneno ya Kigiriki yaliyovalishwa Kilatini. Nilicheka. Kumbe wazungu nao wanaita vitu kama sisi, kwa kuviangalia tu!

Siku moja nikamletea wa kichuguu cha mama, wenye mguu mweusi. Akaugeuza, akapekua vitabu vyake. Haumo. Akasema uyoga mpya hupewa majina mawili: la kwanza la ukoo wake, na la pili linaweza kuwa la mutu aliyeugundua.

Kwetu mutu akifa, jina lake anapewa mutoto, hapo ndipo anapobaki. Mama alikuwa amekufa, mutoto wake ni mimi peke yangu, na tumbo langu halikuwahi kushika mimba. Jina lake lilikuwa linaishia kwangu. Nikamwambia bwana yangu, "Mwambie aandike jina la mama." Nikalitamka vizuri, asikosee. Akaongea Kiingereza kirefu, muzungu akaitikia kwa kichwa, akaandika.

"Amekubali," bwana yangu akaniambia. Nilimpikia kuku siku ile, mjinga mimi.

Mvua zilipoanza tena, muzungu alirudi na picha aliyoichora ya uyoga wetu, mguu mweusi na yote. Watu wakajaa uwanjani kwetu. Akaweka kidole chini ya picha, akasoma polepole kama kawaida yake. Termitomyces, halafu jina la bwana yangu, limebandikwa mkia wa Kilatini. Akampa mkono, akasema maneno mengi. Bwana yangu, mdomo ule usiochoka, hakufasiri hata moja. Sikuhitaji.

Walipoondoka watu nilimuuliza kwa nini.

"Bibi, muzungu ataandikaje kitabuni jina la mwanamke wa kijijini? Angecheka. Halafu mimi na wewe si kitu kimoja?"

Kitu kimoja! Yeye aliyekuja kuoa kwetu, akajenga kwenye uwanja wa mama, akala uyoga wa mama! Alijua kila mwezi nalilia nini. Alijua, na bado akachukua.

Kesho yake nilikwenda kichuguuni. Nikachuma, nikafukia mashina, nikarudi kwa njia ndefu. Nikaupika na karanga, nikawaita wanawake wa jirani. Bwana yangu akanawa mikono, akakaa mbele ya ubwali wake, ugali wetu wa huku, akingoja kitoweo.

"Uyoga uko wapi?"

"Uko kwenye picha," nikamwambia. "Una jina lako. Kula huo."

Akala ubwali mkavu. Mimi nilikula nje na wenzangu, tukamaliza chungu. Walipokwenda zao niliingia jikoni nikaliita jina la mama kwa sauti, kama unavyomwita mutoto aje kula. Hakuna aliyeitika.