Mama wa Magugu

Niliambiwa kwamba magugu maji yote ya Ziwa Victoria yana mama mmoja, na akikatwa huyo, watoto wake wote watanyauka kabla ya Jumapili. Nikaamini kabisa, mimi msomi wa shule ya jioni, tena mwenye cheti!

Miaka hiyo ya tisini magugu yalikuwa yamefunga mwalo wetu wa kuegeshea mitumbwi pale Butimba, kijani tupu, nadhani ng'ombe angeweza kutembea juu yake mpaka Ukerewe bila kulowa kwato. Mtumbwi wa baba ulikaa mchangani wiki nzima nzima, na nyumbani tukasahau harufu ya samaki. Basi nikakusanya vijana wa mtaa tusafishe ufukwe. Kila Jumamosi tuliingia majini hadi kifuani, mapanga mkononi, tukimsaka mama. Kila gugu lenye ua kubwa tulilikatakata vipande elfu, tukavirusha mbali ziwani ili afe vizuri.

Jumamosi iliyofuata tulikuta mengi zaidi. Tukaongeza vijana, magugu nayo yakaongezeka. Baba akawa ananiuliza, "Msomi, leo nashusha mtumbwi?" Nami nanoa panga.

Siku moja bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi, alisimama ufukweni akitutazama tunavyorusha vipande.

"Shikamoo," nikamwambia. "Mama bado hatujampata."

"Marahaba. Hakuna mama, kijana. Hivyo vipande mnavyorusha vinaota upya. Siku zote hizi mmekuwa mkipanda."