Injini Ilipochelewa Kuitika

Kwa miaka mingi nilirusha ndege za propela, zile ambazo abiria wengine wakiziona uwanjani huuliza kama hakuna kubwa zaidi. Tulizipeleka Lodwar, Wajir na Lamu. Mara nyingi nilikaa kiti cha kulia, na cha kushoto alikaa rubani mkuu ambaye kazini sote tulimwita Kapteni, kana kwamba hakukuwa na mwingine mwenye cheo hicho. Ni mtu wa Machakos, ana shamba kwenye vilima vya Mua, na mimi aliniita mwiitu, binti, kama Wakamba wanavyowaita wasichana wao. Sikuwahi kumwona akitokwa na jasho. Upepo wa Lodwar ulipotupiga ubavuni, yeye alikuwa akinisimulia habari za ng'ombe wake huku akiituliza ndege kwa mkono mmoja.

Kampuni ilipoleta jeti ndogo za safari fupi, tuliitwa pamoja kwenda kujifunza. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Mafunzo mengi hufanyiwa kwenye simuleta, chumba kilichojengwa kama pua ya ndege, kinachoinama na kutikisika, na madirisha yake yanaonyesha picha za ardhi na anga. Hakiondoki mahali pake, lakini ukishakaa ndani, mwili unaamini unaruka.

Siku hiyo Kapteni ndiye aliyekuwa akirusha. Tulikuwa karibu kutua, na alikuwa amezishusha nguvu za injini hadi mwisho ili tupunguze mwendo, kama tulivyozoea. Mkufunzi aliyeketi nyuma yetu akatuletea upepo wa ghafla, ndege ikaanza kuzama.

"Tupae tena!" nikasema.

Kapteni akasukuma vishikio vya injini mbele. Hakuchelewa, na ningependa hilo lieleweke. Kwenye ndege ya propela, mapanga yangeuma hewa papo hapo na kutuinua. Lakini injini ya jeti iliyoshushwa kabisa huhitaji muda kidogo kabla haijaitika. Nilizisikia zikianza kunguruma taratibu, kama mtu anayeamshwa usingizini, na ardhi tayari ilikuwa imejaa dirishani. Kikaja kishindo. Picha ikaganda.

Sikujua mtu anaweza kuogopa hivyo ndani ya chumba kilichofungwa sakafuni. Nilipomgeukia Kapteni, mkono wake ulikuwa bado umevisukuma vile vishikio, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Nimesukuma," alisema. "Mwiitu, si umeniona? Nimesukuma."

"Umesukuma, Kapteni."

Mkufunzi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, aliongea kwa upole. "Kwa hii, mzee, injini usiziache zilale. Ukiwa karibu na ardhi ziwe macho."

Tulirudia siku baada ya siku. Kuna siku Kapteni aliirusha vizuri kuliko mimi. Lakini akishtuliwa kidogo, mkono wake ulirudi kwenye mazoea ya zamani, na picha ikaganda tena. Mtihani wa mwisho nilipita. Yeye hakupita. Niliposomewa matokeo nilidhani wamechanganya viti vyetu.

Niliendesha gari hadi nyumbani Syokimau, nikaegesha, nikashindwa kushuka. Jirani akagonga kioo.

"Niaje, uko sawa? Si leo ndiyo ilikuwa mtihani?"

"Nimepita."

"Sasa mbona umekaa kama mtu amefiwa?"

Nikafungua mlango, nikashuka.

Kisha nikaanza kubeba abiria, nikisimamiwa na rubani mwingine mzoefu wa jeti. Katika mojawapo ya safari za kwanza, tukitoka Mombasa kurudi nyumbani, nilichelewa kuanza kushuka. Konza ilipita chini yetu kabla sijamaliza kuongea na waongozaji wa ndege. Nikazishusha nguvu za injini. Propela zingekuwa breki, lakini jeti iliteleza tu, kama sabuni kwenye beseni. Viwanda vya simenti vya Athi River, jirani na uwanja, vikatokea, nasi bado tulikuwa juu mno na mbio mno.

Msimamizi wangu hakugusa kitu. "Unaona nini?"

"Naona haitawezekana."

"Basi waambie."

Niliwaambia waongozaji kwamba hatutui. Tukazunguka, tukaja upya, tukatua vizuri, na abiria wakashuka wakitafuta mizigo yao. Mshtuko ulinipata baadaye chooni, nikinawa.

Jumapili nilienda Mua. Nilikuwa nimemkwepa Kapteni tangu matokeo, lakini siku hiyo hakuna mwingine niliyetaka kumwambia. Mkewe alitupakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, akatuacha sebuleni. Nikamweleza kila kitu.

"Imekuogopesha?" aliuliza.

"Sana."

"Mimi pia. Na si ndege iliniogopesha." Aliufungua mkono wake wa kulia juu ya meza, akautazama. "Ni huu. Miaka yote niko na mkono huu, nikijua utafanya nitakalo. Halafu unanigeuka nikiutazama."

Machozi yalimtoka. Hakuyapangusa. Nilikuwa nimeketi kando ya mtu huyu katika dhoruba nisizozikumbuka zote, na sikuwahi kufikiri kwamba uso wake unaweza kufanya hivyo. Nilishika sahani yangu kwa sababu sikujua nishike nini.

"Jumatatu narudi kwa propela," alisema. "Wamenikubalia."

"Na haikuumi?"

"Inaniuma, mwiitu. Sasa nikudanganye?"

Alirudi kweli, na mpaka leo anazirusha, nami niko kwenye jeti. Lakini mchana ule hatukuwa tumefika huko. Alijipangusa uso kwa kiganja, akanywa maji, akavuta kiti karibu.

"Hebu niambie. Kule juu ambako sisi wa propela hatufiki, Kilimanjaro inakaa aje?"

Nikaanza kumweleza, theluji iliyobaki, shimo la katikati, mawingu yaliyotulia chini kama kondoo waliolala. Akanisimamisha kwa kidole, akamwita mkewe kutoka jikoni aje naye asikie.