Mama Hakulia Mubambiro

Mama yangu hajui kusoma, lakini ndiye aliyeniharibia kipande nilichokipenda kuliko vyote nilivyowahi kuandika.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, hapa Mubi, mji wetu mdogo wa machimbo. Mume wangu alikuwa mbele, dukani. Yeye na ndugu zake walitoka mji wa Butembo zamani na biashara yao, na hawana siku ya kufunga. Mimi na Mama tulikuwa nyuma, jikoni, tukichambua sombe, majani ya muhogo. Mvua ilikuwa imekatika, na pikipiki za kwenda machimboni zilirusha matope hadi kwenye ukuta wetu. Nilikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wiki nzima nafundisha darasa lililojaa hadi dirishani, nikirudi ni duka, kisha chungu, kisha nguo. Ninaandika kwenye simu, kwa kidole gumba, maharage yakichemka.

"Uko unaandika nini kila siku mu ile telefone?" Mama akauliza.

"Niko naandika juu ya Ngungu, Mama. Ile siku tulikimbia."

"Soma nisikie."

Nikasoma kwa majivuno kidogo, maana mwalimu mwenzangu alikuwa ameniambia kipande hicho kilimtoa machozi. Kinaeleza likizo ile nilipompeleka binti yangu Ngungu, kijijini kwa Mama, kumsalimia nyanya yake na kumsaidia kuvuna viazi. Risasi zikaanza kulia kwenye kilima cha pili. Tukaacha viazi vimelundikwa shambani, tukafuata watu wengine waliokuwa wakishuka kuelekea mji wa Sake. Kesho yake tulifika Mubambiro, tukaketi kando ya barabara karibu na kambi ya askari, juu ya mizigo yetu. Hapo nikaandika kwamba Mama aligeukia milima, akajifunika uso kwa kikwembe alichokuwa amejifunga, mabega yakawa yanatikisika. Alikuwa akililia shamba alilolima na marehemu Papa, baba yangu, udongo ambao ukoo wao umeulima tangu zamani zisizo na mtu wa kuzikumbuka.

Mama alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Yule mama ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi?" Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi sikulia. Nilikuwa nalala."

"Ulikuwa umejifunika uso."

"Nzi ilikuwa mingi. Sasa muntu akijifunika njo kusema analia? Nilitembea usiku muzima na mutoto wako ku mugongo. Nilichoka, nikalala."

Akaongeza, kama mtu anayekumbusha chumvi itiwe chunguni: "Njo wewe mwenyewe ulikuwa unalia. Ile haiko mu kitabu yako?"

Nilitaka kumbishia, lakini nikaanza kuona jambo ambalo sikuwa nimeliona tena tangu siku ile: binti yangu amesimama mbele yangu akinivuta nguo, anasema ana kiu, nami simjibu.

"Mutoto aliomba maji mpaka akachoka kuomba," Mama akasema. "Mimi nikaamuka, nikaenda kuomba maji kwa bibi ya askari moja. Alinipa na muhogo kidogo. Yule mama alikuwa muzuri. Na yeye hukumuandika."

Sikujua kama kulikuwa na mke wa askari kama huyo. Niliyanywa maji yake, nadhani, bila kuuliza yametoka wapi.

Tangu sekondari nimesoma vitabu vya kuazima, vingine bila jalada, vingine kurasa zimenyofolewa. Ndivyo vilivyonilea nilipokuwa mbali na nyumbani, na bado navipenda. Lakini mwanamke anayekimbia vita ndani ya vitabu hulia akitazama nyuma, na nafikiri ndiko nilikoyatoa machozi yale nikampa Mama. Alipolala fofofo kando ya barabara, mdomo wazi labda, sikuona kitu cha kuandika. Uchovu hauna sura nzuri. Ningepaswa kuujua, mimi niliye nao kila siku.

Nilikifuta kipande kile. Iliniuma, siwezi kusema uongo. Niliandika upya kidogo kidogo, nikasinzia simu ikiwa mkononi, na kilichotoka kilikuwa kikavu kama ugali wa jana. Jumapili iliyofuata nikamsomea: Mama alilala. Mimi nililia. Mtoto aliomba maji, Mama akaamka akamtafutia.

"Njo vile," akasema.

Hakunisifu zaidi ya hapo. Alikuwa akimenya ndizi, chakula cha huku kwenye joto ambacho bado hajakizoea tangu aje kuishi nasi.

"Lakini hukusema namna ile viazi ilikuwa mizuri."

"Nimechoka, Mama. Nitaandika siku ingine."

"Na mimi nimechoka. Andika."

Basi akaanza kunieleza: kwamba udongo wa upande wa juu ulikuwa mweusi na mwepesi, kwamba Papa alipanda kwa mistari isiyonyooka na hakutaka kuambiwa, kwamba mwaka ule viazi vilitoka vikubwa hata vikapasuka vyenyewe ardhini. Alisema bila kuniangalia. Kidole changu hakikuweza kumfuata. Nilikuwa naruka maneno, nikiomba arudie, naye akikataa kurudia. Nilikuwa bado naandika mume wangu aliponiita dukani nikamsaidie kupima chumvi, na nilipotoka Mama alikuwa bado anasema.