Vumbi la Mwezi

Mchezo wenyewe nauigiza peke yangu: dada na mdogo wake wa kiume wanataka kwenda mwezini. Niliuonyesha kijijini kwetu Rondo, kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu mdogo wangu wa kweli alikuwa amekuja likizo kutoka Dodoma na nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka akiri mbele za watu kwamba alisoma kwa jasho langu.

Aliponiona, alinyanyuka kwenye kiti cha mbele. "Shikamoo, dada."

Nikaitikia marahaba. Shikamoo zake ninazo za kutosha, hata za kugawa.

Mdogo mtu nilimfanya shati jeupe la shule, lililoning'inia kwenye kamba iliyopita juu ya goli. Akitakiwa kusema, nasimama nyuma ya shati na kubana sauti. Chombo cha kwenda mwezini kiliporuka nilivuta kamba, shati likapaa, kina mama wakapiga vigelegele. Dada mtu alibaki chini, kwani baba wa mchezoni alisema chombo kina nafasi moja, na ni ya mtoto wa kiume. Baba yetu alisema vivyo hivyo kuhusu sekondari, na mimi nikabebeshwa bomba la kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga.

Dada mtu alipojiendea mwezini mwenyewe, bomba hilo ndilo lilikuwa vazi langu la mwanaanga. Nililivaa mgongoni, nikajifunga kanga puani, nikawasha mota. Ndani niliweka unga wa muhogo, uwe vumbi la mwezi. Nikaupuliza.

Uwanja mzima ukainuka. Kina mama waliwafunika watoto nyuso, wazee wakashusha kofia machoni, wote wakakimbilia kule upepo unakotoka, bila kuambizana. Hakuna ambaye salfa haijamchoma macho pale. Nilipiga kelele kwamba ni unga tu. Nani asikie, na mota inanguruma?

Mdogo wangu hakusogea. Alibaki kitini, macho wazi, anacheka, mweupe tangu nywele hadi viatu.

Nikazima mota.

"Dada, mbona wamekimbia?"

Miaka yote nilidhani ananyamaza kwa kiburi. Kumbe hakujua hata cha kukiri. Misimu yote ya kupuliza yeye alikuwa bwenini.

"Wamekimbia salfa," nikamwambia, uwanja wote usikie. "Ile iliyokusomesha wewe!"

Akajifuta shavu, akanusa kiganja.

"Lakini huu si unga, dada?"