Mama Anakunja Kanga

Kazi yangu ya kumalizia chuo, Dar es Salaam, ilikuwa kutengeneza katuni fupi ya mtu anayepokea habari mbaya kwa simu. Mhusika hakutakiwa kusema neno. Nilirudi nyumbani Mtwara kuifanya wakati wa likizo. Nilikuwa nimeshamchora mwanamke wa makamo, mwenye kanga na mashavu ya duara, lakini kila nilipomfanya asogee alikuwa mwongo. Alitoa macho, akaachama, akashika kichwa. Mwalimu wangu alinitumia ujumbe wa sauti: mwanamke huyo anaigiza hofu, haogopi, na akibaki hivyo kazi haitapita.

Nilijirekodi kwa simu nikijifanya nimepata habari mbaya. Nilipozitazama video hizo niliona aibu. Nikamwomba mama aniigizie. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na mambo ya masomo huwa hanikatalii. Safari hii alikataa. Alisema huko ni kujiitia mkosi.

Baba alikuwa msimamizi wa upakiaji kwenye ghala la korosho la mtu binafsi. Ulikuwa msimu, malori yanapanga foleni tangu alfajiri. Alasiri moja nilikuwa mezani na kompyuta, mama amekaa mkekani akikunja nguo zilizokauka, simu yake ikaita. Aliyepiga alikuwa mfanyakazi mwenzake baba.

"Yuko hai?" nilimsikia mama akiuliza. Kisha akasikiliza.

Hakutoa macho. Aliibana simu kwa bega, akachukua kanga aliyokwisha kuikunja, akaikunjua, akaikunja upya, pindo kwa pindo, akailaza kwa kiganja. Akaikunjua tena. Uso ulitulia kabisa. Mikono ndiyo iliyokosa pa kwenda. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuuliza kuna nini. Alinijibu taratibu kwamba magunia yamemwangukia baba, na amekimbizwa hospitali.

Tulikwenda kwa bajaji. Hospitalini tuliambiwa baba yuko chumba cha upasuaji, tusubiri. Tukakaa kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, mama aliangalia kwanza viatu vya anayetoka, ndipo akapandisha macho usoni. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa. Jua lilikuwa linazama daktari alipotoka. Alisema mguu umevunjika vibaya na damu nyingi imemwagika, lakini baba atapona. Mama alishukuru, akauliza dawa zinachukuliwa wapi, akageuka aende, akapepesuka. Nilimdaka.

Baba alipoanza kupata nafuu wodini, nilirudi kwenye kazi yangu na sikuweza kuchora kingine ila ile mikono ya mama na kanga. Nikamwambia mama ninachotaka kufanya, na kwamba akikataa nitaacha.

"Chora," alisema. "Ila usinichore nalia. Sikulia."

Nilifuta uso wote wa yule mwanamke, nikaanza na mikono. Nilichora kwanza mikao mikuu: kanga imekunjwa, imekunjuliwa, kiganja kimelala juu yake. Kisha nikajaza picha za katikati, moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza mikono ilikwenda haraka, akaonekana mtu mwenye shughuli zake. Nikaipunguza mwendo. Nikarefusha kimya kati ya kusikia habari na kidole cha kwanza kusogea. Nikachelewesha kope. Nilipoicheza tena niliiona siku ile, nikalazimika kutoka nje kidogo.

Niliituma kwa mwalimu wangu wa chuo. Aliuliza mbona mwanamke halii. Nikamjibu kwamba huyu halii. Kesho yake akaandika: "Iache hivyo. Sasa namwogopea."

Baba aliitazama katuni nyumbani, kitandani, mguu uko kwenye plasta. Aliomba niirudie tangu mwanzo. Kisha akamgeukia mama.

"Ndivyo ulivyokuwa?"

Mama alisema nimemchora vidole vinene. Baba hakucheka. Tangu ajali hakuwa ametaka kuizungumzia, na sisi hatukumuuliza. Sasa, macho yake yakiwa yamerudi kwenye kompyuta, alianza kutusimulia ilivyokuwa chini ya magunia: giza, vumbi la korosho puani, na wenzake wakimwita kwa jina, naye anawasikia wote, hana pumzi ya kuitika.