Siku Niliyotoa Idhini Nikiwa Chini ya Gari

Chekeni tu, nami kama yangempata mwingine ningecheka. Lakini nawaambia mapema, mkasa huu unanichoma mpaka leo, na kila nikiusimulia huangalia kwanza kama dada yangu hayuko karibu.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, dada yangu Rukia anaolewa, marehemu baba hayupo, kwa hivyo walii ni mie, kaka yake wa pekee, mie ndiye wa kumshika bwana arusi mkono pale msikitini nimuoze. Mama aliisubiri siku hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Ami yetu, ndugu wa baba, alitutoa nyumbani eda ya mama haijaisha (tulihamia mtaa wa Tudor na magodoro mawili na jiko), na mama aliapa kuwa ami huyo hatamuoza mwanawe. "Madhali wewe uko," akiniambia, "yeye atakuja kula halua kama wageni wengine."

Sasa mie nilikuwa na gari. Kuukuu, lakini langu, na mbele kushoto lilikuwa likigonga, ko-ko-ko, kila nikipita shimo (na mashimo ya Mombasa hayatafutwi, yanakuja yenyewe). Mwenye akili angelipeleka kwa fundi. Mie nikajifanya fundi. Nikalibonyeza boneti kwa mikono miwili, likapanda likashuka likatulia, nikasema basi shokabu nzima, hizi ni bushi za mpira zimekwisha, nikakata vipande vya tairi nikavishindilia, wala sikukitazama kiungo chenyewe kinacholishika gurudumu. Kelele ikapungua. Siku ya nikaha, alipoketi ndani Kazungu, mwenzangu wa kazini, mtu mnene wa haja, na masinia ya halua nyuma, ikanyamaza kabisa. Kumbe uzito ndio uliokibana kile kiungo kibovu, na mie nikadhani nimeponya, nikatembea kifua mbele.

Harusi yenyewe ilikuwa kwa mama mdogo, Mji wa Kale, na msikiti ni pale pale. "Mwanangu, maguu una ya nini?" mama akaniuliza akiniona nashika funguo. Wallahi nilimsikia. Lakini nilitaka ami anione nikishuka garini.

Basi tukaingia Ndia Kuu, kanzu nyeupe, koti, kofia ya kazi ya mkono, napiga honi bila sababu, na mbele ya duka la vinyago, ta! Gurudumu likalala ubavu, gari likapiga goti katikati, na njia ile mwaijua, ni nyembamba, gari moja likisimama ndiyo basi.

Hapo bado ningewahi. Kazungu aliniambia wazi, "Bwana, nenda ukaoze, hili niachie mimi." Lakini nyuma honi zinalia, madirishani wamejaa wanawake, mmoja akasema, "Walii ndiye huyo?" nami nikaona haya kuondoka mbio, nikajisemea nalisogeza kando kwanza, mara moja tu. Nikapiga jeki. Ili nisichafue kanzu, nikakifungua kikoi changu huko ndani (kwa ustadi, hakuna aliyeona), nikakitandika chini nikakilalia, nikajiingiza chini ya gari. Jeki ikateleza.

Sikuumia, alhamdulillahi. Ila kanzu ilibanwa mgongoni na ubavuni, sisogei, na ndani ya kanzu hiyo sasa hamkuwa na kitu ila chupi, tena ya kitambo.

Kazungu akakimbia msikitini, akarudi anahema, akachutama. "Sheikh asema ana nikaha nyingine yamngoja. Kama hufiki, utoe idhini. Ami yako yuko tayari."

"Mwambie naja!"

"Waja vipi?"

Mzee mmoja akapaza sauti, "Ichaneni hiyo kanzu atoke!" na juu madirishani kukapasuka kicheko. Lilikuwa jambo jepesi. Wangeichana, ningetoka na chupi yangu, Kazungu angenipa shati nijifunge, nikafika. Nikawafikiria wale wanawake. Nikasema kwa mdomo wangu huu, "Mwambie ami nimempa idhini. Amuoze." Mashahidi wa idhini ile walikuwa mtaa mzima, na wote waliona miguu yangu tu.

Haukupita muda wanaume wakalinyanyua gari, kanzu ikatoka nami ndani yake, aibu imesitirika. Nikakimbia. Nilikuta watu wanakula halua aliyotangulia nayo Kazungu. Ami akanishika bega, "Usijali, mwanangu, mambo ya nyumba ni kusaidiana."

Mama aliitazama grisi kwenye kanzu, akauliza, "Nani kaoza?" Nilipomjibu akaivua leso aliyoinunua Biashara Street kwa ajili ya siku ile, akaikunja, akaiweka. Rukia hajawahi kunilaumu, lakini kila Idi ami hujipiga kifua mbele yetu, "Huyu nimemuoza mimi," naye huinamisha macho, mie hutoka nje.

Gari nililiuza likawa vyuma vikuukuu. Siku hizi gari likigonga, liwe langu au la kuazima, naliacha papo hapo. Na nikialikwa nikaha huenda kwa miguu, mapema, nikakaa safu ya mbele, ijapokuwa anayeozwa si wangu. Dada wa kuoza nilikuwa naye mmoja tu.