Baba Mkwe na Mkamwana Wamfundisha Tabita Mbio Bila Kutazamana

Ukungu wa Julai bado umelala juu ya mabonde ya Undali wakati Elina Mbonile anapofunua jamvi la kwanza. Chini yake kuna kahawa iliyomenywa jana, ingali na unyevu. Anaingiza mikono yote miwili, anaigeuza, anaokota punje iliyovunjika na kuitupa kando. Kisha anasogea kwenye kichanja kinachofuata.

Nyuma ya ukuta wa ghala mtu anakohoa mara mbili. Elina anavuta kanga hadi kwenye paji la uso na kuugeuzia ukuta mgongo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kisha mikono yake inarudi kugeuza kahawa.

Anayekohoa ni Mzee Amoni Mbonile, mlinzi wa ghala hili la chama cha wakulima, si mbali sana na Itumba. Ni baba wa mume wake. Kikohozi hicho ndicho hodi yake. Wawili hawa wamekaa jirani kwa miaka kumi na minane, wamelima bega kwa bega na kuzika pamoja, lakini hawajawahi kutazamana usoni tangu Elina alipotolewa ng'ombe wa mahari.

Ndivyo desturi ya huku ilivyo. Mkamwana hapiti mbele ya baba mkwe, hamtaji jina, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Wakristo wengi wameilegeza desturi hiyo. Wengine husalimiana mlangoni mwa kanisa bila wasiwasi wowote.

"Mchungaji alituambia tunaweza kusalimiana," anasema Elina. "Mdomo wangu ulikubali. Miguu ilikataa."

Hata hivyo, baba mkwe na mkamwana wana kazi moja ambayo hakuna kati yao aliye tayari kumwachia mwenzake. Wanamfundisha mbio Tabita, binti wa Elina, mwenye umri wa miaka kumi na mitano. Mwezi uliopita Tabita aliwashinda wasichana wote mjini Mbeya katika mbio za yadi mia mbili na ishirini. Septemba hii ya mwaka 1957 anatakiwa Dar es Salaam, kwenye mashindano ya vijana wa Tanganyika nzima.

Ni mtu wa tatu wa nyumba hiyo kufika kwenye mashindano hayo, ambayo huhama mji hadi mji. Wa kwanza alikuwa babu yake, wa pili mama yake.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Tabita hukimbia kwenye barabara ya malori inayotoka ghalani na kupinda kuelekea kanisani. Babu husimama upande mmoja wa ukuta, mama upande wa pili. Mafunzo yenyewe hupita kinywani mwa mtoto.

"Mke wangu!" anaita Mzee Amoni, kama babu wa huku wanavyowatania wajukuu wao. "Mwambie mama yako kona si mahali pa kupumzika."

Tabita anazunguka ukuta akihema. "Mama, babu anasema kona si mahali pa kupumzika."

"Mwambie kwa adabu," anajibu Elina bila kuinua macho, "kwamba kona ndiyo iliyomwangusha yeye Dodoma."

Tabita anarudi mbio. Kicheko chake kinasikika kabla ya maneno.

"Sikuanguka!" sauti ya mzee inapanda. "Nilisukumwa na kijana mmoja wa Bukoba! Mwambie hivyo. Na mwambie nilisimama nikamaliza wa tatu."

"Mama, babu anasema alisukumwa."

"Nimesikia. Rudi ukimbie, na magoti yako juu."

Hilo la magoti ndilo jambo pekee ambalo walimu hawa wawili wanakubaliana.

Mzee Amoni alikimbia Dodoma mwaka 1923. Walitembea siku nyingi kufika huko, na alikuwa tayari na mtoto wa kiume aliyeanza kusema. "Siku zile hakuna aliyetuuliza kijana ni nani," anaeleza. "Ukiwa na miguu, wewe ni kijana." Aliporudi, wamisheni walimpa kazi ya kuwafundisha watoto wa shule michezo, kazi aliyoifanya hadi magoti yake yalipoanza kumsumbua.

Kati ya watoto aliowafundisha baadaye alikuwamo msichana mwembamba wa bondeni aliyeitwa Elina. Mwalimu alimpigia kelele kuliko wengine wote. Elina anasema ndivyo alivyojua kwamba anamwamini.

Isaka, yule mtoto aliyekuwa akianza kusema mwaka wa Dodoma, alikuwa sasa kijana mrefu anayemletea baba yake chakula kiwanjani. Akamwona Elina, naye Elina akamwona. Wazee wakaanza kuzungumza. Kwa kuwa Mzee Amoni alikuwa akihangaika na wanafunzi wake, kaka yake mkubwa ndiye aliyeyashika mazungumzo ya mahari.

Agosti 1939 Elina alichaguliwa kwenda Iringa, ambako mashindano ya vijana wa Tanganyika yalifanyika mwaka ule. Mzee Amoni ndiye aliyewasindikiza vijana wa Rungwe. Asubuhi ya mbio, lori liliingia kutoka Tukuyu. Dereva wake alikuwa na salamu kutoka kwa mama yake Elina: ng'ombe wameingia zizini, wewe sasa ni mke wa watu.

"Nilifurahi," anakumbuka Elina. "Isaka nilimpenda. Kisha nikakumbuka baba yake ni nani."

Hakumwambia mtu. Alijipanga mstarini pamoja na wenzake, na bastola ilipolia aliondoka kama alivyofundishwa. Kwenye kona alikuwa mbele. Kona ilipoisha alikuwa peke yake.

"Aliye nyuma yangu nilikuwa simsikii tena. Nikainua macho. Nikamwona mkwe wangu ameshika ncha ya kamba, anacheka, ananiita kwa jina langu, 'Elina! Elina!' Miguu ikakata kushoto yenyewe."

Alitoka uwanjani, akapenya katikati ya watazamaji, na hakusimama mpaka alipofika nyuma ya wauza ndizi. Kamba ilikatwa na msichana mwingine. Mama wa Kizungu aliyewasimamia wasichana aliamua kwamba Elina ameumwa tumbo, akamletea dawa chungu. Aliinywa yote, kwa kuwa hakujua aanzie wapi kueleza.

Mzee Amoni anasimulia upande wake akiwa ameketi nyuma ya ghala, uso ameuelekeza bondeni. "Nilidhani ameona nyoka. Kaka yangu alikuwa ametoa ng'ombe bila kunipa habari. Jioni niliambiwa nimepata mkamwana. Siku hiyohiyo nilikuwa nimempoteza mkimbiaji."

Elina hakukimbia tena. Aliolewa, akazaa watoto wanne. Isaka sasa yuko kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, mwaka wa pili huu, na hutuma fedha anapoweza. Kazi ya vichanjani humpa Elina senti sabini na tano kwa siku kwa muda wa mavuno tu. Hulima maharage kwa miezi iliyobaki.

Mwaka huu, hata hivyo, jambo lililomkosesha usingizi halikuwa fedha. Lilikuwa ng'ombe.

Mwezi Juni, baada ya mbio za Mbeya, ukoo mmoja wa upande wa Isongole ulimtuma mshenga aitwaye Lwitiko kuja kumposa Tabita. Kijana mwenyewe, Danford, ni mwalimu wa shule ya kijiji na hana sifa mbaya. Wakwe hao walitaka kuleta ng'ombe mwezi Agosti, na waliweka sharti moja. Ng'ombe wakishaingia, binti atulie nyumbani. Walisema hawatakubali mkwe wao akimbie na sketi fupi mbele ya watu wa pwani.

Isaka alileta neno kutoka migodini kwamba mambo ya binti ameyaacha mikononi mwa baba yake. Mzee Amoni hakukataa. Umri umekwenda, na nyumba inayoleta ng'ombe wanne kwa heshima haifukuzwi.

Tabita mwenyewe hakuulizwa. Alipoulizwa na gazeti hili alifikiri kidogo, akajibu: "Danford si mbaya. Lakini yeye atakuwepo hata Oktoba. Mbio hazitakuwepo."

Elina alikuwa na maneno ya kumwambia baba mkwe, na hakuwa na kinywa cha kuyapeleka. Tabita hubeba kila neno la nyumba hiyo, lakini msichana hatumwi kuzungumzia ng'ombe wake mwenyewe. Lwitiko alikuwa mtu wa upande wa pili. Wifi zake walimwambia anyamaze.

Jumanne moja aliwasikia Mzee Amoni na Lwitiko nyuma ya ukuta wakipanga siku. Zilikuwa zimebaki wiki mbili ng'ombe waletwe. Chini ya kichanja chake palikuwa na kuku wa jirani akiparua.

"Wewe kuku!" alisema Elina, kwa sauti ya kuvuka ukuta. "Toka kwenye kahawa ya watu. Na kabla hujatoka, nisikilize. Katika mji huu kuna mtu aliyewahi kutolewa ng'ombe siku ya mbio. Unajua yaliyompata?"

Lwitiko alichungulia kwenye pembe ya ghala. "Mama Tabita, unasema na kuku?"

"Nasema na kuku, baba. Wewe pumzika." Akaendelea. "Kuku, mwenye mji huu ana akili kutushinda sote. Hawezi kuwapoteza wakimbiaji wawili kwa kosa moja."

Nyuma ya ukuta fimbo ikagonga chini.

"Fimbo yangu," ilisema sauti ya Mzee Amoni, "huyu kuku ana mdomo mkali leo. Mwambie nimekwisha kutoa neno."

"Kuku, neno limetoka, lakini ng'ombe bado wako zizini kwao."

"Fimbo, na wakiwapeleka kwingine?"

"Kuku, watakuwa wamewapeleka kwingine."

"Fimbo, baba wa mtoto akirudi kutoka migodini akauliza, nani atamjibu?"

"Kuku," alijibu Elina, "mama wa mtoto atamjibu. Mtoto huyu akizuiwa, hakuna atakayemjibu yeye."

Lwitiko anacheka mpaka leo akisimulia. "Nilikuwa katikati, sikujua nimtazame nani. Nikamtazama kuku."

Mzee aliita, safari hii akimtaja mtu kwa jina. "Lwitiko. Nenda Isongole ukawaambie ng'ombe wakae. Binti akirudi kutoka Dar es Salaam, waje, tutawapokea kwa heshima. Wakija kabla, watakuta zizi langu limefungwa."

Jibu lilifika Jumapili iliyopita baada ya ibada. Ukoo ule hautasubiri. Ng'ombe wamepelekwa kwenye nyumba nyingine. Mzee Amoni aliitangazia fimbo yake habari hiyo, kwa sauti iliyomtosha mtu aliye ng'ambo ya ukuta, kisha akaenda zake kukagua mlango wa ghala.

Si kila mtu amefurahi. Mwanamke mmoja anayefanya kazi kichanja cha pili alimwambia Elina waziwazi kwamba amemkosesha mtoto mume kwa ajili ya kukimbia. Elina anakiri kwamba hajui Isaka atasema nini akirudi, na kwamba huenda hatafurahi. Anakiri pia kwamba Tabita anaweza kwenda Dar es Salaam na asishinde chochote. Wasichana wa huko, anaambiwa, wana viatu vya misumari.

Hata hivyo mipango ya Septemba inaendelea. Shule imetaka mwanamke wa kumsindikiza Tabita, na Elina amejitolea. Walimu wa wilaya nao wamemwomba Mzee Amoni awasindikize wavulana, naye amekubali kabla hawajamaliza kuomba. Mzee atapanda lori la wavulana. Elina na wasichana watafuata katika lori la pili, na dereva ameombwa asilipite la kwanza.

Uwanjani napo wamekwisha kugawana, kupitia kwa Tabita. Mbio za yadi mia mbili na ishirini huanzia upande mmoja wa uwanja na kuishia upande mwingine. Mzee atasimama zinakoanzia, Elina zinakoishia. Mzee alilalamika siku mbili nzima kwamba amepewa upande usio na raha, halafu akakubali.

"Babu yake atamwona akiondoka," anasema Elina, akilifunika jamvi la mwisho kwa kuwa mvua ndogo imeanza kunyunya. "Mimi nitakuwa kwenye kamba. Akiwa wa kwanza nitampokea, akiwa wa mwisho nitampokea. Mimi nataka afike tu."